Upasuaji wa matundu madogo kwa wanawake: Hofu ya kabla, uangalizi wa baada

MWANAMKE wa Kilosa au Mikumi anayeambiwa na daktari kwamba anahitaji kufanyiwa upasuaji wa tumbo kwa njia ya matundu madogo, kwa kawaida huelezwa pia habari mbili za kumfariji. Ya kwanza ni kwamba hatakatwa mkato mkubwa. Ya pili ni kwamba atalazwa siku moja au mbili tu.

Habari zote mbili ni za kweli. Hata hivyo, ndani ya hiyo ya pili mna jambo ambalo halisemwi mara nyingi, nalo ni kwamba sehemu kubwa ya kupona itafanyika mbali na daktari aliyempasua. Itafanyika nyumbani, penye ndoo za maji, jiko la kuni, watoto wadogo na shamba linalosubiri palizi.

Upasuaji wa aina hii huhitaji mitambo na wataalamu wanaopatikana zaidi katika hospitali kubwa, kama vile Hospitali ya Taifa Muhimbili jijini Dar es Salaam au KCMC mjini Moshi. Kwa hiyo mkazi wa Wilaya ya Kilosa hupewa barua ya rufaa, husafiri, hupasuliwa na kurejea. Kutoka Mikumi hadi Dar es Salaam ni takriban kilomita 300 kwa barabara kuu inayokatiza Hifadhi ya Taifa ya Mikumi. Tatizo likijitokeza siku ya tatu baada ya upasuaji, umbali huo si jambo dogo.

Ni upasuaji wa namna gani?

Daktari hutoboa tundu moja karibu na kitovu, na mengine mawili au matatu chini ya tumbo. Kila tundu huwa na upana wa kati ya milimita 5 na 12. Tumbo hujazwa hewa ya ukaa ili ukuta wake uinuke na kuacha nafasi, kisha kamera nyembamba huingizwa na kumwonyesha daktari kizazi, mirija ya uzazi na ovari kwenye luninga iliyopo ndani ya chumba cha upasuaji. Vifaa vya kukatia na kushonea hupitishwa katika matundu mengine.

Njia hii si ngeni. Daktari wa Sweden, Hans Christian Jacobaeus, aliitumia kuchungulia ndani ya mwili wa binadamu mwaka 1910, na Raoul Palmer wa Paris aliiendeleza kwa magonjwa ya wanawake katika miaka ya 1940. Mwaka 1980 daktari wa wanawake wa Ujerumani, Kurt Semm, aliitumia kuondoa kidole tumbo, na wenzake wengi hawakufurahishwa na kitendo hicho. Leo ni upasuaji wa kawaida duniani. Hutumika kutafuta chanzo cha maumivu ya nyonga au ugumba, kuondoa uvimbe wa maji kwenye ovari, kutibu endometriosisi, kuondoa baadhi ya faibroidi, kutoa mimba iliyotunga nje ya kizazi, na hata kuondoa kizazi chenyewe.

Hapa inafaa kutoa angalizo kabla ya kuendelea. Mimba iliyotunga nje ya kizazi ikipasuka ni dharura ya saa, wala si ya siku. Mwanamke aliyekosa hedhi, mwenye maumivu makali ya tumbo, kizunguzungu au kuzirai, hapaswi kutafutiwa gari la kwenda Dar es Salaam eti kwa sababu huko kuna matundu madogo. Apelekwe hospitali ya karibu yenye chumba cha upasuaji, apasuliwe kwa mkato wa kawaida na damu izuiwe. Mkato mkubwa unaookoa maisha ni bora kuliko tundu dogo lililochelewa.

Hofu zinazotajwa na zisizotajwa

Wanawake wengi wanaosubiri upasuaji husema wanaogopa maumivu. Ukikaa nao kidogo, hofu nyingine hujitokeza: kutoamka kutoka kwenye nusukaputi, kuamka na kukuta kizazi kimeondolewa, kuambiwa kwamba hawatazaa tena, na maneno ya mawifi na majirani.

Kuhusu kutoamka, ni vema mgonjwa azungumze na mtaalamu wa nusukaputi mwenyewe, ambaye aghalabu huja wodini siku moja kabla. Huyo ndiye atakayekaa kichwani pake muda wote akifuatilia mapigo ya moyo, shinikizo la damu na hewa anayovuta. Aelezwe bila kufichwa habari za pumu, selimundu, shinikizo la damu, kisukari, dawa zinazomdhuru, na ndugu yeyote aliyewahi kupata matatizo ya nusukaputi. Atajiwe pia dawa za miti shamba. Wengi huzificha kwa kuona haya au kwa kuogopa kukemewa, ilhali baadhi yake huweza kuathiri kuganda kwa damu au shinikizo la damu. Kukemewa dakika mbili si gharama kubwa.

Kuhusu hatari kwa jumla, Chuo cha Kifalme cha Madaktari wa Wanawake na Uzazi cha Uingereza huwafahamisha wagonjwa kwamba madhara makubwa, kama vile kujeruhiwa kwa utumbo, kibofu au mshipa mkubwa wa damu, huwapata takriban wanawake 2 kati ya kila 1,000 wanaofanyiwa upasuaji huu kwa ajili ya uchunguzi. Upasuaji mkubwa zaidi, na tumbo lililokwisha kupasuliwa huko nyuma, huongeza hatari hiyo. Mgonjwa aliyewahi kujifungua kwa upasuaji amkumbushe daktari, hata kama kovu linaonekana.

Hofu ya kupoteza kizazi huponywa na karatasi moja, nayo ni fomu ya ridhaa. Wengi huitia saini bila kuisoma, mara nyingine ikiwa imeandikwa kwa Kiingereza. Mgonjwa ana haki ya kusomewa na kufafanuliwa kwa Kiswahili. Aulize maswali ya wazi: Mnatoa nini na mnaacha nini? Mkikuta jambo msilolitarajia, mtaendelea au mtaniamsha kwanza mniulize? Kuna uwezekano gani wa kubadilisha na kufanya mkato mkubwa? Hilo la mwisho hutokea. Daktari anayekuta damu nyingi au viungo vilivyogandana hulazimika kufungua tumbo, na kufanya hivyo ni busara, si kushindwa. Mgonjwa aliyeelezwa mapema hatashtuka akiamka na bandeji ndefu. Majibu ya maswali haya yaandikwe, kwa kuwa mtu mwenye hofu husahau nusu ya aliyoyasikia.

Ndugu wakiombwa kuchangia damu, familia nyingi huingiwa na hofu na kudhani hali imekuwa mbaya. Sivyo. Damu huwekwa akiba kwa upasuaji mwingi ambao hatimaye hauitumii.

Liko pia suala la mume. Mashauriano katika ndoa ni jambo jema, na mume aliyeelewa huwa msaada mkubwa wiki zinazofuata. Lakini mwenye tumbo ndiye anayepaswa kuelewa kwanza, na maelezo yasipitie juu ya kichwa chake kana kwamba ni mtoto.

Maandalizi

Tarehe ya upasuaji ikishapangwa, mgonjwa aulize kuhusu gharama na bima: ni kipi kinacholipwa na ni kipi atakachonunua mwenyewe. Atafute nyumba ya kufikia jijini, si kwa siku za kabla tu, bali pia kwa siku kadhaa baada ya kuruhusiwa. Hili tutalirudia. Msimu nao uangaliwe. Wakazi wa Kilosa hawajasahau mafuriko ya mto Mkondoa ya mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 yaliyozing'oa reli na kuwaacha maelfu bila makazi. Upasuaji usio wa dharura unaweza kupangwa nje ya masika, wakati ambapo njia ya kurudi hospitalini ina uhakika.

Kwa kawaida mgonjwa hutakiwa kuacha kula saa 6 kabla ya nusukaputi, na maji matupu huruhusiwa hadi saa 2 kabla. Lakini afuate maelekezo ya hospitali yake. Uji ni chakula. Chai ya maziwa nayo ni chakula. Tumbo lenye chakula linaweza kutapika mtu akiwa usingizini, matapishi yakaingia mapafuni, na hiyo ndiyo sababu ya amri hiyo ambayo wengine huiona kama ukatili.

Asinyoe sehemu za siri kwa wembe nyumbani. Wembe huacha michubuko inayokaribisha vijidudu; ikibidi kupunguza nywele, wahudumu watafanya. Avue hereni, pete na shanga za kiunoni, kwa kuwa mashine ya umeme inayotumika kuzuia damu huweza kuunguza ngozi palipo na chuma, na shanga huzuia kusafisha ngozi vizuri. Rangi ya kucha na hina nyeusi vidoleni huweza kuvuruga kifaa kinachopima oksijeni. Siku ya mwisho ya hedhi aitaje kwa usahihi, na kipimo cha mimba kikubaliwe bila kuona ni tusi.

Saa za kwanza

Mgonjwa akiamka atajihisi mzito na pengine mwenye kichefuchefu. Koo huweza kuwasha, kwa kuwa mrija wa kupumulia ulipitishwa hapo. Huenda akakuta mpira wa mkojo, ambao huondolewa mapema.

Kinachowashangaza wengi ni maumivu ya bega. Mtu amepasuliwa tumbo, inakuwaje bega liume? Hewa iliyobaki tumboni husumbua kiwambo kinachotenganisha tumbo na kifua, na mshipa wa fahamu wa kiwambo hicho una asili moja na mishipa ya fahamu ya begani, hivyo ubongo huyasikia maumivu mahali pasipo pake. Hupungua ndani ya siku mbili au tatu hewa hiyo inaponyonywa na mwili. Kutembea taratibu husaidia, na dawa za kawaida za maumivu pia. Maumivu ya kifua yanayoambatana na kukosa pumzi ni jambo jingine na yatajwe mara moja.

Parasetamoli hufanya kazi vizuri zaidi ikimezwa kwa vipindi vilivyopangwa kuliko kungoja maumivu yapande. Mtu mzima mwenye afya asizidishe gramu 4, yaani vidonge 8 vya miligramu 500, kwa saa 24. Dawa za jamii ya diklofenaki na ibuprofeni zisitumiwe bila ushauri na mwenye vidonda vya tumbo au ugonjwa wa figo.

Kabla ya kuondoka wodini, adai vitu viwili. Cha kwanza ni maelezo ya kilichofanyika, yatolewe akiwa ameamka vizuri na ikiwezekana ndugu akiwapo, kwa sababu yanayosemwa wakati nusukaputi haijaisha husahaulika. Cha pili ni fomu ya kuruhusiwa yenye jina la upasuaji, tarehe, dawa alizopewa na namba ya simu ya wodi. Karatasi hiyo ndiyo itakayozungumza kwa niaba yake akifika hospitali nyingine usiku.

Safari ya kurudi

Hapa ndipo ushauri wa vitabu vya ughaibuni unapotofautiana na maisha ya Kilosa. Vitabu hudhani mgonjwa anakaa dakika ishirini kutoka hospitalini. Kwa mwanamke wa Mikumi, ni bora akae jijini kwa ndugu walau siku tatu hadi tano, kama daktari hakuagiza vinginevyo. Sababu ni ya kitabibu. Jeraha la utumbo lililotokea bila kuonekana wakati wa upasuaji huweza kujidhihirisha baada ya siku kadhaa, pale ambapo mgonjwa ameshafika kwake na kila mtu anaamini yamekwisha.

Akisafiri kwa basi, achague kiti cha katikati ya gari, mbali na nyuma ambako kila tuta humrusha mtu. Matuta ndani ya hifadhi ni mengi, na yamewekwa kwa faida ya wanyama, si ya walioshonwa tumbo. Kanga iliyokunjwa na kukandamizwa kidogo juu ya tumbo hupunguza mtikisiko. Achezeshe vifundo vya miguu mara kwa mara, anywe maji, na ashuke kutembea kidogo basi linaposimama Morogoro, maana kukaa muda mrefu baada ya upasuaji huongeza hatari ya damu kuganda miguuni.

Anayekwenda Kilosa anaweza pia kutumia treni ya umeme, ambayo ilianza kuchukua abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024 na ina stesheni Kilosa. Si kila treni husimama hapo, hivyo aulize wakati wa kukata tiketi. Na asiharibu faida ya safari hiyo laini kwa kumalizia kwa bodaboda kwenye barabara ya mashimo.

Wiki za nyumbani

Matundu madogo hudanganya macho. Jirani anaona plasta tatu na kuuliza mgonjwa yuko wapi. Mama mkwe anashangaa kwa nini maji hayajachotwa. Ndani ya tumbo, hata hivyo, huenda pameondolewa uvimbe wa ukubwa wa chungwa, na nyama zilizoshonwa hazijui kwamba ngozi ilikatwa kidogo.

Aliyefanyiwa uchunguzi tu huweza kurudia shughuli nyepesi ndani ya wiki moja. Aliyetolewa uvimbe wa ovari au mimba iliyotunga nje ya kizazi huhitaji wiki mbili hadi tatu. Aliyeondolewa kizazi huhitaji wiki nne hadi sita, na faibroidi kubwa nazo huweza kuchukua muda kama huo. Mwalimu anaweza kurejea darasani mapema kuliko mkulima wa mpunga. Ndoo ya lita 20 iliyojaa ina uzito wa kilo 20; hiyo, pamoja na jembe, mchi wa kutwangia na mtoto mgongoni, isubiri hadi daktari aruhusu. Kama familia haiwezi kumwondolea mgonjwa kazi hizo kwa wiki chache, jambo hilo lijadiliwe kabla ya upasuaji, si baada yake.

Kulala siku nzima nako si kupumzika. Atembee uani tangu siku ya kwanza na kuongeza hatua kidogo kila siku. Uchovu wa ghafla wa mchana ni wa kawaida na huweza kudumu wiki kadhaa.

Kuoga kwa maji safi ya kumwagia huruhusiwa kwa kawaida baada ya siku moja au mbili. Vidonda vikaushwe kwa kitambaa safi. Visipakwe majivu, dawa ya meno, mafuta wala majani. Desturi ya kumkanda mzazi kwa maji ya moto na kumfunga tumbo kwa kanga haifai hapa: maji ya moto huweza kuunguza na kulainisha vidonda. Bibi anayetaka kusaidia apewe kazi ya kupika.

Na mapishi yenyewe yana maana. Nusukaputi na baadhi ya dawa za maumivu huleta choo kigumu, na kujikamua ni mateso kwa mtu mwenye nyuzi. Papai, mchicha, matembele na maji ya kutosha husaidia. Maharage yanayojaza gesi yanaweza kungoja siku chache.

Kutokwa damu kidogo ukeni kwa siku kadhaa si ajabu. Atumie pedi au kitambaa safi na asiingize kitu chochote ndani. Tendo la ndoa lisubiri hadi damu ikome na maumivu yaishe, na aliyeondolewa kizazi asubiri hadi daktari athibitishe kwamba mshono wa ndani umepona.

Dalili zisizongoja tarehe ya kliniki

Kanuni ya kushika ni hii: baada ya upasuaji wa matundu madogo, kila siku inapaswa kuwa afadhali kuliko jana yake. Maumivu yanayoongezeka baada ya siku ya pili si ya kawaida hata kama vidonda vinaonekana safi.

Mgonjwa aende hospitali siku hiyo hiyo akiona tumbo linavimba na kuwa gumu, anatapika mfululizo, ana homa ya nyuzijoto 38 au zaidi, hawezi kukojoa, kidonda kinatoa usaha au maji mengi, damu ukeni inalowesha pedi baada ya pedi, mguu mmoja umevimba na kuuma, au pumzi inakata. Kwa wakazi wa Kilosa mjini pa kukimbilia ni hospitali ya wilaya. Kwa walio Mikumi ipo Hospitali ya Mtakatifu Kizito inayomilikiwa na Kanisa Katoliki. Asianzie duka la dawa. Sindano ya kutuliza maumivu na vidonge vya antibayotiki huweza kuficha dalili za utumbo uliotoboka hadi usaha uenee tumboni.

Akifika, aseme maneno haya kabla ya mengine yote: “Nimefanyiwa upasuaji wa tumbo kwa matundu madogo tarehe fulani,” na atoe fomu yake. Bila taarifa hiyo mhudumu mwenye foleni ndefu anaweza kuwaza malaria kwanza, jambo lisilo kosa katika wilaya yenye malaria. Ndugu apige simu wodi alikopasuliwa ili madaktari wa pande zote mbili wazungumze.

Majibu ya nyama na mimba zijazo

Sehemu iliyoondolewa tumboni kwa kawaida hupelekwa maabara, na majibu hutoka baada ya mgonjwa kuondoka. Wapo wasiorudi kuyachukua kwa sababu nauli ni kubwa na wanajisikia wazima. Hili ni kosa la hatari, kwani uvimbe unaofanana na wa kawaida kwa macho unaweza kuwa na saratani. Kama safari haiwezekani, aulizwe daktari iwapo majibu yanaweza kutumwa kwa hospitali ya wilaya.

Huzuni nayo huja, wakati mwingine wiki mbili baadaye, hasa kwa aliyepoteza mimba, mrija au kizazi. Kulia bila sababu ya wazi, kukosa usingizi na kutotaka kuona watu kukizidi wiki mbili, aueleze ugonjwa huo kliniki kama anavyoeleza kidonda.

Aliyetolewa faibroidi aulize apumzike muda gani kabla ya kushika mimba, na akishika, amweleze muuguzi wa kliniki ya wajawazito tangu siku ya kwanza kwamba kizazi chake kina mshono, kwa kuwa huenda akahitaji kujifungulia hospitali yenye uwezo wa kupasua. Aliyewahi kupata mimba nje ya kizazi ahudhurie kliniki mara tu anapokosa hedhi na aombe kipimo cha ultrasaundi mapema, kwa kawaida katika wiki ya sita au ya saba, ili ijulikane mimba mpya imetunga wapi.